Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: msaada wa kisheria wa serikali kwa wenye maradhi ya akili, Unguja na Pemba

Maswali haya huulizwa barazani, nje ya msikiti baada ya sala, kwenye foleni ya kliniki ya akili, na siku hizi zaidi kwa sauti za WhatsApp zinazoingia watu washalala. Wengi wanaouliza ni mama, dada na wake. Nimeyapanga kama yanavyonijia, si kwa ukubwa wala udogo wake. Majibu ni ya msaidizi wa sheria, si ya jaji. Yatakusaidia kujua mlango wa kubisha na cha kusema ukifunguliwa.

Ndugu yangu ana maradhi ya akili. Serikali itamlipia mwanasheria?

Inaweza, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni ya zamani. Mtu akishitakiwa kwa kuua na hana wakili, Mahakama Kuu humpangia wakili na gharama huwa juu ya serikali. Hapa haulizwi ana akili timamu au hana. Uzito wa shitaka ndio unaomletea wakili.

Ya pili ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, Namba 13 ya 2018. Hii inamlenga mtu asiye na uwezo wa kulipa, na msaada wake hauishii kwenye jinai. Mirathi, ardhi, ndoa, matunzo, kazi, vyote vimo. Serikalini anayesimamia ni Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria, chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia katiba na sheria. Mgonjwa wa akili hakuwekewa mlango wake peke yake. Anaingia kwa mlango ule ule wa wasio na uwezo, na wagonjwa wengi ninaowajua mimi hawana haja ya kuhangaika kuthibitisha umasikini wao.

Bure ni bure. Mtoa msaada aliyesajiliwa akikudai "ya soda" au "ya kufungulia faili", muulize jina lake kamili na uende Idarani nalo.

Hizo pesa hasa zinatoka wapi?

Sehemu inatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, ile inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai. Humo mnalipwa mishahara ya Idara, ofisi zake, mafunzo, na mawakili wa kesi za mauaji. Sehemu nyengine, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba mzigo, ni ya wafadhili kupitia asasi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianza 1992, miaka 26 kabla ya sheria kutungwa, na wasaidizi wa sheria wengi wa majimboni walipitia mafunzo yake. Kina ofisi Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, nayo imewasimamia wanawake na watoto wengi.

Sehemu ya tatu haiandikwi popote. Ni mfuko wa msaidizi wa sheria mwenyewe. Anayejitolea Micheweni hupanda gari ya abiria kwenda Wete kwa nauli yake, hutoa kopi kwa pesa yake, na mteja akiwa na njaa humnunulia chapati.

Hapo ndipo mgonjwa wa akili anapoachwa nyuma. Pesa za msaada wa kisheria hupangwa kwa kesi: kesi inafunguliwa, inasikilizwa, inahukumiwa, basi. Mgonjwa hana kesi moja ya namna hiyo. Leo kakamatwa kwa kuvunja kioo cha duka, mwezi ujao yupo wodini, mwakani baba kafa na shamba linagawiwa. Anahitaji mtu mmoja anayemjua, anayemfuata kila alipo, na kumfuata ni nauli. Hospitali ya akili ni moja tu, Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Wa Mkoani, Pemba, akilazwa huko, msaidizi wake wa sheria anahitaji tiketi ya boti ya kwenda na kurudi, na pa kulala. Kwa maoni yangu shilingi ya kwanza ya nyongeza ingeenda kwenye boti kabla ya semina nyengine yoyote.

Si hospitali ingeajiri mwanasheria wake tu, akawasaidia wagonjwa palepale?

Tunaulizwa sana hili, tena na watu wenye nia njema. Jibu ni hapana, wala si kwa kuwadhania madaktari vibaya. Siku mgonjwa atakapotaka kusema "nimepona, niruhusuni" au "nilipigwa wodini", anayelalamikiwa ni yule yule anayemlipa mwanasheria. Hata malaika hapo atasita.

Wenzetu walilijua hili mapema. Marekani ilipitisha sheria 1986 ya kuwalinda na kuwatetea wenye maradhi ya akili. Serikali kuu hutoa ruzuku, na kwa miaka mingi imekuwa kama dola milioni 36 kwa mwaka, ikagawiwa kwa taasisi 57: kila jimbo lina yake, pamoja na mji mkuu, maeneo yaliyo nje ya majimbo, na moja ya wenyeji wa asili. Sharti kubwa ni kwamba taasisi hiyo isiwe chini ya idara inayotibu. Ina nguvu ya kuingia wodini, kuzungumza na mgonjwa faragha na kusoma faili pale panapokuwa na sababu ya kuamini kateswa au kapuuzwa. Inaweza pia kuishitaki serikali ile ile iliyotoa pesa. Na katika baraza la ushauri la kila taasisi, si chini ya asilimia 60 ya wajumbe lazima wawe watu waliowahi kutibiwa maradhi ya akili au jamaa zao. Ningependa kuliona baraza kama hilo likikaa Chake Chake.

Uingereza wana njia nyengine. Mgonjwa aliyezuiwa hospitali kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 akipinga mbele ya baraza la rufaa, hupewa mwanasheria wa bure bila ya kuulizwa kipato chake. Na tangu 2009 kuna watetezi maalumu wasiokuwa wanasheria, ambao kazi yao ni kumsaidia mgonjwa aelewe haki zake na asikilizwe.

Hatuna pesa za Marekani, najua. Lakini sharti la mtetezi kuwa mbali na anayetibu halina gharama hata senti.

Msaidizi wa sheria na wakili wana tofauti gani?

Msaidizi wa sheria anakupa ushauri, anakuandikia barua, anakusuluhisha, anakupeleka ofisini na kukufuatilia faili. Mahakamani hasimami kukutetea. Hiyo ni kazi ya wakili. Msaidizi mzuri anajua pa kuishia, na anampigia wakili simu kabla ya kufika hapo.

Polisi wamemchukua usiku huu. Nifanye nini?

Nenda kituoni mwenyewe, usimtume kijana. Chukua kadi ya kliniki, pakiti za vidonge hata zikiwa tupu, na kama anachomwa sindano ya kila mwezi, tarehe ya mwisho aliyochomwa. Kadi ile ndiyo itakayozungumza, kwa sababu wewe utakuwa unalia na polisi atakuwa amechoka.

Mwambie mkuu wa zamu kwa utaratibu: huyu ni mgonjwa, anatibiwa mahala fulani, dawa yake ya usiku ni hii. Omba iandikwe kwenye kitabu cha kituo kwamba umetoa taarifa ya maradhi yake. Neno "iandikwe" lina kazi kubwa. Miezi sita baadae mtu atakapodai kwamba hakuna aliyesema kuwa ni mgonjwa, ukurasa utakuwepo. Kisha uliza mambo mawili: anashitakiwa kwa kosa gani, na atafikishwa mahakamani lini.

Akiwa hayuko sawa, asitoe maelezo ya kosa usiku ule. Ana haki ya kuzungumza na mwanasheria kwanza, na hiyo ni haki ya mtu yeyote. Nimeona maelezo yaliyoandikwa vizuri, yana saini, ya mtu ambaye usiku huo alikuwa akijiita nabii. Wakili hupata kazi kubwa kuyaondoa maelezo kama hayo, na pengine hayaondoki.

Wengi huchanganya hapa: polisi ni jambo la Muungano, lakini mahakama itakayomsikiliza na Mkurugenzi wa Mashtaka ni wa Zanzibar. Malalamiko kuhusu askari na maombi kuhusu kesi yana njia mbili tofauti.

Mahakamani wanasema "hayuko sawa kujibu shitaka". Ndiyo kaachiwa?

Hapana, na hapa ndipo familia nyingi hulala usingizi.

Sheria ina maswali mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza: *leo* anaweza kuielewa kesi na kujitetea? Kama hawezi, mahakama husimamisha kesi, humpeleka akaangaliwe na daktari, na husubiri ripoti. La pili: *siku ile* ya tukio, maradhi yalimzuia asijue anachofanya, au asijue kwamba ni kosa? Kila mtu hudhaniwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vyengine, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mshitakiwa. Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa siku ile, au kinyume chake. Kadi ya kliniki ya mwezi wa tukio ina thamani kuliko ya mwezi huu.

Na hata mahakama ikikubali kwamba alikuwa mgonjwa siku ya tukio, hatoki mlango wa mbele kwenda nyumbani. Huamriwa awekwe mahala pa matibabu. Aliyehukumiwa miaka mitatu anaijua siku yake ya kutoka Mafunzo, yaani gerezani, huyu haijui. Anategemea mtu akumbuke kuomba hali yake iangaliwe upya. Wakili aliyelipwa kwa kesi kashamaliza kazi yake. Jaji ana majalada mengine. Ndugu wanangoja waitwe, hospitali inangoja amri. Ukiniuliza pesa ya serikali ina kazi wapi kuliko pengine popote, nitakuonesha hapo.

Kwa hiyo, hukumu ikisomwa, usiondoke bila kuandika namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya amri. Weka pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kila baada ya miezi michache, nenda kwa mtoa msaada wa kisheria uulize: ripoti mpya ya daktari imepelekwa?

Amelazwa bila ya ridhaa yake. Anaweza kupinga?

Anaweza. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inalinda uhuru wa mtu, haikuwatoa wagonjwa. Aulize kalazwa kwa amri ya nani na kwa sababu gani, na aombe msaada wa kisheria akiwa humo humo wodini. Jamaa wanaweza kumwombea. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ofisi Zanzibar, nayo hupokea malalamiko ya watu waliozuiwa, na haitozi kitu.

Kusema kweli, kesi za namna hii ni chache. Visiwani kilio kikubwa ni cha kukosa kitanda na dawa, si cha kulazwa kwa nguvu.

Kaka zake wanachuma mikarafuu yake na pesa hazioni. Wanasema "mwendawazimu hamiliki".

Anamiliki. Maradhi ya akili hayamtoi mtu katika mali yake wala katika mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, vinavyomzuia mtu kurithi vinajulikana, kama kumuua unayemrithi au kutofautiana dini, na wazimu haumo. Kinachozuiwa ni yeye kuitumia mali ovyo wakati akili haipo, ndiyo maana huwekewa msimamizi. Na msimamizi ni mlinzi wa mali, hakurithishwa.

Hili ndilo swali letu kubwa Pemba, na msimu wa karafuu ukiingia huwa kila wiki. Mambo huenda hivi. Mzee kafariki, ameacha mikarafuu na watoto watano, mmoja ni mgonjwa. Mirathi haikugawiwa, "tutagawa baadae". Msimu unafika, mikarafuu inakodishwa au inachumwa, karafuu zinaanikwa majamvini, zinapelekwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, ambalo ndilo mnunuzi wa halali peke yake. Zinapimwa, risiti inaandikwa jina la kaka mkubwa. Mgonjwa anapewa kanzu ya Idi. Baada ya misimu kumi, mikarafuu ni ya kaka kwa mazoea, na kila shahidi atakwambia hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoona.

Dawa ni kugawa mapema. Pelekeni mirathi Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, fungu la mgonjwa liandikwe kwa jina lake, na anayelisimamia aombe usimamizi mahakamani kwa maandishi. Kila msimu aweke risiti. Akiulizwa, aoneshe: karafuu kilo kadhaa, dawa kadhaa, nguo kadhaa, kilichobaki kiko wapi. Msimamizi mwema hachukii kuulizwa. Huyo atakutolea bahasha kabla hujamaliza sentensi.

Ardhi iangalieni peke yake. Visiwani ardhi ni ya serikali na mtu anamiliki haki ya kuitumia na vilivyomo juu yake, ikiwemo miti. Shamba la eka tatu, yaani lile lililogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi, lina masharti yake, na aliyenunua kwa mgonjwa "kwa makubaliano ya nyumbani" pengine hana kitu mkononi. Ugomvi wa ardhi unakwenda Mahakama ya Ardhi, si kwa Kadhi. Msaidizi wa sheria ataupeleka kila mgogoro kwenye mlango wake, na kwa kazi hiyo tu familia huokoa nauli nyingi.

Mume wangu aliniacha akiwa katika hali yake. Nimeachika?

Talaka ya aliyepotewa na akili wakati anaitamka haipiti. Kama maradhi humjia na kumwachia, kinachoangaliwa ni hali yake saa ile. Lakini usijihukumie mwenyewe wala usihukumiwe na majirani. Nenda kwa Kadhi, nenda na kadi ya kliniki, na walioshuhudia.

Kwa upande wa pili, mke ambaye mume wake kapatwa na wazimu anaweza kumwomba Kadhi aivunje ndoa (faskhi), na fikihi ya Shafii tunayoifuata inalitambua hilo. Kuliomba si dhambi wala si usaliti. Msaada wa kisheria wa bure unafika Mahakama ya Kadhi pia.

Tunamfunga kamba ili asiwadhuru watoto. Tuna kosa?

Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai, na ndugu hawakutolewa. Najua jawabu hili linavyouma kwa mama ambaye hajalala siku tatu. Mara nyingi kamba ile ni dawa iliyokosekana kliniki. Njooni mapema, kabla jirani hajapiga picha: sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ataandika barua, Ustawi wa Jamii wataingia, na msaidizi wa sheria ataifuata hospitali kuhusu dawa. Nia yetu si kumpeleka mama rumande.

Binti yetu ni mgonjwa na kafanyiwa udhalilishaji wa kijinsia. Wanasema ushahidi wake hautakubaliwa.

Si kweli. Mgonjwa wa akili anaweza kutoa ushahidi ikiwa anaelewa anachoulizwa na anajibu kwa maana, na wa kuliamua hilo ni mahakama, si mpelelezi wala mjomba. Mpelekeni kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, ambako daktari, polisi na mshauri wako pamoja na huduma ni bure. Asikogeshwe, nguo zisifuliwe. Zifungeni kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Na atakayekuja na bahasha ili "yaishe kifamilia", andikeni jina lake.

Kwetu tunasema ana shetani, si mgonjwa. Bado sheria inamhusu?

Inamhusu. Mahakama haimuulizi shetani. Mganga aendelee, lakini kadi ya kliniki iwepo, maana mganga hatoi ripoti.

Sheria za Bara zinatumika huku?

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni za Tanzania Bara. Afya na msaada wa kisheria si mambo ya Muungano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unabeba pande zote mbili. Kifungu chake cha 12 kinamtambua mwenye ulemavu kuwa sawa mbele ya sheria, na cha 13 kinadai aweze kuifikia haki.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kuja bila ndugu?

Ndiyo, na wapo wanaokuja. Tunamsikiliza yeye kwanza, ndugu baadae. Wakitofautiana, mteja ni yeye.

Tunataka pesa zaidi zitengwe kwa wagonjwa hawa. Tuseme na nani?

Na mwakilishi wa jimbo lako, mapema. Hotuba za bajeti za wizara husomwa Barazani mwezi wa Mei na Juni, na ikifika hapo tarakimu zishapangwa. Mtafuteni miezi ya mwanzo wa mwaka. Msimwambie "mtusaidie wagonjwa", maana atasema amesikia. Ombeni kitu chenye jina ndani ya fungu la Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria: nauli za wasaidizi wa sheria wanaofuatilia wagonjwa waliolazwa au walioamriwa na mahakama, na siku maalumu ya wakili kuingia wodini Kidongo Chekundu na kwenye kliniki za Pemba. Nakala ya barua ipelekeni Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, kisha nendeni mkaulize baada ya wiki mbili.